Mshipa wa Shingo ya Mzee Ikwap

Mliokuwa nami wiki jana mliniacha nimesimama kando ya kitanda cha dirishani, faili mkononi. Nilikuwa nimesoma jina la mgonjwa niliyepewa nimpime: Ikwap, mkulima, wa Mukuju.

Aliyekosa nampa kwa ufupi, maana habari hii kila nikiirudia inanipandisha homa. Mimi ni Resty Ajambo, mtoto wa mchuuzi wa samaki wa Majanji, kando ya ziwa, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne. Nimeletwa hapa hospitali ya Tororo kujifunza kutambua maradhi kwa macho, masikio na vidole. Dada yangu Leonida aliishi na Omaido, mwana wa huyo mzee. Alipojifungua, akavimba miguu, akakosa pumzi. Mzee Ikwap alikuwa na pikapu uani. Akasema gari lake linabeba mihogo, halibebi wavivu. Leonida akafa ameketi, kwa sababu kulala alishindwa.

Kisha mzee akaamuru azikwe nje ya boma, ukingoni mwa kinamasi, kwa kuwa utambulisho wa ukweni, ile sherehe ya kukutanisha koo na kutoa mahari, ulikuwa haujafanyika. Msichana asiye na bwana huzikwa huko, alisema. Sisi wa Majanji tulifika kaburi limeshafukiwa, na yeye akazungumza na mama kupitia uwazi wa lango. Mimi nilikuwa nyuma, msichana wa shule aliyenyolewa kipara.

Ndiyo maana hakunijua.

"Binti yangu, mbona umesimama kama mti?" akasema. "Mimi nangoja wewe."

"Nasoma faili yako, mzee."

"Soma. Hapa kila mtu nakuja, nagonga tumbo, nakwenda."

Tumbo lenyewe lilikuwa limejaa kama la mja mzito wa siku zake. Miguu imevimba hadi magotini, mikono imebaki vijiti. Nikavuta kiti, nikaanza maswali kama tulivyofundishwa, sauti yangu tamu kama asali ya kuibiwa.

"Unakunywa ajono, mzee?" nikaanza na pombe ya ulezi ya Wateso, watu wa kabila lake.

"Mteso gani hapana kunywa ajono? Tunakaa kwa chungu, tunavuta na mrija, tunaongea mambo yetu."

"Katika mnaoketi pamoja, yuko mwingine aliyeugua?"

"Odeke. Alikohoa mpaka akaisha. Tulikuwa tunakaa bega kwa bega na yeye."

"Usiku unatoka jasho?"

"Shuka nakamuliwa."

"Ulipimwa kifua kikuu?"

"Mimi hapana kohoa sana, musawo. Mimi navimba."

Musawo ndilo jina la daktari upande wetu. Aliniita hivyo kwa heshima, na kila alipolitamka nilisikia kinyaa.

Shingoni alikuwa amejizungushia skafu ya sufu, maana mvua ya Tororo haina huruma na wazee. Madaktari wote waliomwona kabla yangu walikwenda moja kwa moja tumboni. Mtu akija na tumbo kama lile na harufu ya kimea, nani ana haja na shingo yake?

"Toa skafu, mzee."

"Baridi."

"Toa."

Akaitoa. Nikageuza kichwa chake kidogo kuelekea dirishani, na nikaona.

Mshipa ulikuwa umesimama kutoka mfupa wa bega hadi chini ya sikio, mnene kama kidole changu kidogo. Alipovuta pumzi ulizidi kupanda badala ya kushuka.

Niliujua mshipa ule. Niliuona kwenye shingo ya Leonida, likizo yangu ya mwisho kabla hajafa, nilipompelekea samaki waliokaushwa. Alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, mtoto mapajani, na mshipa unaruka shingoni kama kitu kinachotaka kutoka. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni uchovu. Miaka ikapita, nikaketi darasani, mwalimu akachora shingo ubaoni na kueleza kwamba mshipa huo ni kama kijiti cha kupimia oili ya gari, unakuambia hali ya moyo ndani. Nilitoka darasa lile nikaenda kulia chooni.

Sasa basi. Ini lililoharibiwa na pombe linaweza kuvimbisha tumbo, lakini shingo haipandi hivi. Nikaweka kipimo kifuani: moyo ulisikika kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Nikashika kifundo cha mkono. Akivuta pumzi, mapigo yanapotea. Akitoa, yanarudi. Akivuta, yanapotea.

Maji. Si ya tumboni peke yake. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mfuko unaoufunika moyo, yanaubana hata ushindwe kutanuka, na aliyemwachia urithi huo ni Odeke na kikohozi chake. Dawa ipo. Sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, maji yanyonywe, kisha vidonge vya kifua kikuu. Watu wanapona. Lakini ukikosea ukadhani ni ini, ukampa dawa ya kukojoza na kumtoa maji ya tumbo, damu kidogo iliyokuwa inausaidia moyo inapungua, na moyo unazimika.

Nilijua kitu ambacho wodi nzima haikukijua.

Nikaichukua ile skafu, nikamfunga tena, vizuri, kama mama anavyomfunga mtoto wa kwenda shule.

"Asante, binti yangu," akasema.

"Usijali, mzee."

Daktari wetu mkubwa anaitwa Nasrudin, mtoto wa wasafirishaji wa mjini Busia. Ana tabia moja ambayo madaktari wengine wanaicheka: hutufundishia kwa Kiswahili mbele ya mgonjwa. Anasema mgonjwa ana haki ya kusikia anavyosengenywa.

Akafika na kundi la wanafunzi nyuma yake. Mwenzangu Obore akajipenyeza mbele kama kawaida yake.

"Ajambo," akasema Daktari Nasrudin, "tupe mgonjwa wako."

Nikawapa. Umri, kazi, uvimbe, jasho. Kuhusu ajono nilieleza kwa kirefu. Kuhusu Odeke sikusema kitu.

"Macho?"

"Si ya manjano, daktari."

"Mishipa ya shingo?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Ningeweza kupita upande huu au ule. Mzee Ikwap alikuwa ananitazama, mdomo wazi kidogo, anahema kama mtu aliyepanda mwamba wa Tororo. Nikamkumbuka Leonida akihema vilevile, na pikapu imesimama uani.

"Haijapanda, daktari."

"Mapigo?"

"Dhaifu kidogo. Hayana shida."

"Basi unasema nini?"

"Ini. Pombe ya miaka mingi."

Obore akainua mkono. "Daktari, naomba niitazame hiyo shingo."

"Obore, Ajambo hajawahi kuniambia kitu ambacho hakipo. Wewe wiki jana ulipapasa wengu wa mtu aliyekwisha kutolewa wengu."

Wenzetu wakacheka. Obore akarudi nyuma. Mimi nilicheka pia, ili nisionekane sikucheka.

Daktari Nasrudin akamwinamia mgonjwa. "Mzee, umesikia anachosema musawo wako?"

"Yeye nasema ni ajono."

"Unakubali?"

"Mimi hapana kubali. Hii si ajono. Hii ni mtu."

"Mtu gani?"

"Wenyewe wakifika, nitasema na wao."

Daktari akatikisa kichwa, akatoa amri: dawa ya kukojoza sasa hivi, ya mshipa, na mchana atolewe maji ya tumbo. Wakahamia kitanda kingine.

Sitawadanganya, wasomaji wangu. Niliona utamu. Walimu wa dini wanasema kisasi kina uchungu, labda wao hawajawahi kukionja kikiwa cha moto. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na leo mzee wa Mukuju alikuwa amegeuka binadamu. Nilitembea kwenda kuchukua dawa nikitamani kuimba.

Niliporudi na sindano, akanishika mkono.

"Musawo, wewe iko na mikono ya pole. Nitaambia wewe, kwa sababu wale wengine nacheka. Kuna binti nililalisha nje ya boma."

Nikaketi. Nilitaka nisikie.

"Mke wa kijana yangu, lakini hajatambulishwa. Alikufa kwangu. Nikalalisha yeye karibu na maji. Sasa tazama maji iko wapi." Akajigusa tumbo. "Kila nikifunga macho, yeye nakuja kukaa hapa juu. Nimetuma Omaido aende lete mama yake. Watu wa damu yake wakitemea mimi maji, waseme wameniachilia, itashuka."

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Watu walisema uvivu."

"Na wewe ulisemaje?"

Akageuza uso dirishani. "Mimi nilijua ni mgonjwa."

"Na gari ulikuwa nalo."

Sijui kama alijiuliza nimejuaje. Alikuwa mbali, anaangalia mvua.

"Gari ilikuwa pale. Lakini musawo, wewe iko mtoto ya mjini, hapana jua. Mkamwana hajatambulishwa, baba ya boma akimbeba kwa gari yake kwenda hospitali, watu nasema ameshakubali yeye. Ukibeba, umekubali. Na mimi nilikuwa sijakubali hii mambo ya watu wa ziwa."

Kwa hiyo haukuwa ubahili, wala ujinga. Dada yangu alikufa ili mzee huyu asionekane amekubali.

Nikatafuta mshipa wa mkono wake. Nikaupata mara moja. Nikaisukuma dawa yote, polepole, kama inavyotakiwa.

"Mbona unalia, binti yangu?" akaniuliza.

"Ni mafua," nikamwambia.

Saa ya kuona wagonjwa, kabla hajatolewa maji ya tumbo, mzee alikuwa amekojoa sana, na uso wake umebadilika rangi kuwa wa majivu. Wauguzi wakafurahi kwamba dawa inafanya kazi. Nikatoka nje ya wodi kupata hewa, na nani niliyekutana naye kwenye ujia? Mama yangu mzazi, kapu la samaki kichwani, na nyuma yake Omaido ameinamisha kichwa.

Omaido ndiye aliyeniona kwanza. "Shemeji? Wewe ndio musawo ya papa?"

"Ndiye mimi."

"Yeye najua?"

"Hajui."

Akafungua mdomo, akaufunga. Wale mnaomjua Omaido tangu mwanzo wa hadithi hii mnajua kwamba hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Akaingia wodini kwa baba yake, akatuacha.

Mama akashusha kapu. Tukasemezana Kisamia, yeye na mimi, kando ya ukuta.

"Kijana wake alinikuta Busia, mpakani, nawauzia Wakenya," akasema. "Akapiga magoti mbele ya wateja wangu. Anasema mzee wao anataka maji yangu. Je, anakufa kweli?"

Nikamsogelea sikioni. Nilikuwa nimengoja kumpa mama zawadi tangu siku ya lile lango.

"Anakufa, mama. Leo. Nimegundua anachoumwa, nikakificha. Nimempa mwenyewe dawa itakayommaliza, na hakuna atakayejua."

Nilitegemea anikumbatie. Mama aliniangalia kama anavyoangalia samaki aliyeoza ndani na magamba bado yanang'aa.

"Nani kakuambia ninamtaka maiti?"

"Mama, huyu alimuua Leonida."

"Najua alichofanya kuliko wewe. Mimi ndiye niliyemzaa." Akafungua pindo la leso yake, akanionyesha bonge la udongo mweusi, bado lina unyevu. "Tumepitia Mukuju kwanza. Huu ni wa kaburi la dada yako. Unajua kwa nini ninao?"

Nikaugusa kwa kidole.

"Nilikwenda kwa wazee wao, wewe ukiwa shuleni. Nikawasihi waniachie mtoto wangu nimhamishe. Wakaniambia aliyemtoa nje ndiye wa kumwingiza. Jembe la kwanza ni la mkono wake. Akishakufa, hata Omaido hagusi, mwana hafukui alichozika baba. Ndio mwisho. Leonida atakaa na vyura mpaka kiama. Na yule bintiye niliye naye nyumbani, akikua akauliza boma lao ni lipi, nimwonyeshe nini? Kinamasi?"

"Mama..."

"Nimemngoja huyu mzee miaka yote hii. Nilimwomba Mungu asimuue. Nilimwomba amuumize, apate hofu, anitume mtu. Leo kanituma. Namtaka hai, Resty. Namtaka asimame mbele ya ukoo wake wote, achimbe kwa mikono yake, ambebe mwanangu mpaka ndani, na kila mtu amwone amebeba. Halafu afe akipenda." Akafunga pindo. "Na wewe umekwenda kumuua na kisasi changu kikiwa jikoni bado hakijaiva."

Nilijiona mjanja, kumbe nilikuwa namfungia dada yangu lango kwa mara ya pili, na safari hii ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nilikimbia. Daktari Nasrudin nilimkuta chumba cha chai, chapati mkononi, Obore pembeni anamsomea kitu.

"Daktari, mzee wa dirishani si ini. Ni moyo. Una maji, yanaubana. Mapigo yanapotea akivuta pumzi, shingo imepanda mpaka sikioni."

"Asubuhi ulisema shingo haijapanda. Umekosea?"

Angalieni jinsi Mungu alivyo na huruma. Alinipa neno la kujiokolea, limewekwa tayari mdomoni mwa mwingine. Mwanafunzi akikosea hugombezwa, hupewa kurudia. Lakini nikisema nimekosea, angeinuka taratibu, angekwenda kuhakikisha, angemaliza chapati yake kwanza.

"Sikukosea, daktari. Nilidanganya."

Obore akaacha kusoma.

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wetu. Alimwacha dada yangu afe."

Daktari Nasrudin akaiweka chapati sahanini. Sijawahi kumwona mtu akiweka kitu chini kwa upole namna ile.

"Dawa ameshapewa?"

"Nimempa mimi."

"Hilo tutaliongea baadaye, kama utakuwa bado mwanafunzi wangu," akasema, na alikuwa ameshafika mlangoni. "Obore, kimbia wodi ya wazazi ulete ile mashine yao ya picha. Ajambo, sindano ndefu. Na usimguse mtu mwingine yeyote njiani."

Mashine ilipowekwa kifuani, hata asiyesoma angeona. Moyo ulikuwa unaogelea, mdogo, umezungukwa na weusi pande zote. Obore alinitazama. Sikuwa na uso wa kumrudishia.

"Mzee," akasema Daktari Nasrudin, "hapa pana maji kwenye moyo. Nataka kuingiza sindano niyatoe. Sasa hivi. Unaniruhusu?"

Macho ya mzee Ikwap hayakuwa kwa daktari. Alikuwa anaangalia miguuni pa kitanda. Mama yangu alikuwa amesimama pale.

"Mama Leonida," akasema. "Umekuja."

"Nimekuja."

Kisha macho yake yakatoka kwa mama, yakanijia, yakarudi kwa mama. Watu husema mimi na mama tumechongwa kwa shoka moja.

"Na huyu?"

"Mwanangu. Mdogo wake Leonida."

Mzee alichofanya kwanza, pamoja na kifo kumkalia kifuani, ni kuvuta blanketi alifunike tumbo. Mkwe wa kike kumwona mzee kifua wazi kwao ni aibu isiyo na mfano, na mimi nilikuwa nimemgonga tumbo lile asubuhi kama fundi wa ngoma.

"Kumbe ni wewe," akaniambia. Pumzi ilimkatikia katikati. "Ile dawa ulinipa wewe. Na machozi."

"Mzee, sindano kwanza," daktari akasema. "Maneno baadaye."

"Hapana. Maneno kwanza. Hii maji ni ya yule binti. Ukinichoma kabla sijaachiliwa, nakufa kwa sindano yako. Mama Leonida, tema maji, sema umeniachilia. Ndio wanichome."

Mama akafungua pindo. Akamwekea ule udongo mbele ya uso.

"Utabeba huu kwanza. Mkononi mwako, mbele ya hawa wasomi na mbele ya mwanao. Useme: huyu ni mkamwana wangu, nitamrudisha ndani. Ndipo nitakapotema."

"Maji kwanza."

"Udongo kwanza."

"Nikibeba, nimekubali," mzee akasema.

"Ndiyo. Ukibeba umekubali."

Omaido akapiga magoti kando ya kitanda. "Papa, beba. Papa, nakuomba, beba tu."

Mzee akageuza uso ukutani. Kuna watu kiburi chao kinachelewa kufa kuliko wao wenyewe.

Daktari Nasrudin alikuwa ameshapaka dawa ya kuua vijidudu, glavu mkononi, sindano imesimama. "Mtu mwenye akili zake akinikatalia siwezi kumchoma kwa nguvu," akasema kwa sauti ndogo. "Ajambo, shika mapigo. Niambie yakipotea kabisa. Akizimia, nachoma bila kumwuliza mtu."

Nikashika kifundo. Yalikuwa membamba kama uzi wa nyavu. Akivuta pumzi, hayapo. Akitoa, yanakuja, mawili, matatu, halafu hayapo.

"Mama," nikasema kwa Kisamia, "hana muda. Mtemee. Atabeba akipona."

"Akipona na baraka zangu mwilini, atabeba nini? Huyu? Mimi namjua. Mwache aogope mpaka mwisho. Atanyoosha mkono."

"Atakufa kabla hajanyoosha."

"Atanyoosha."

Mzee hakuelewa Kisamia chetu, lakini alielewa mwenye kusihi ni nani. Akanigeukia. Mdomo wake ulikuwa wa buluu.

"Wewe pia ni damu yake," akaninong'oneza. "Hata wewe iko na maji. Tema wewe, mkwe wangu."

Mkwe: hilo lilikuwa neno la kwanza la ukoo alilowahi kumtamkia mtu yeyote wa Majanji. Sijui kama alilisema kwa hofu au kwa hila. Kwenye meza ya kitanda kulikuwa na chupa yake ya maji ya kunywa. Mkono wangu mmoja ukabaki kwenye kifundo chake, mwingine ukaishika chupa. Nikaifungua kwa meno.

Nilimchukia. Andikeni hivyo, isije ikasemwa nililainika. Nilimchukia vilevile kama asubuhi, na nikapiga funda, nikajaza mashavu.

"Resty," akasema mama yangu, na hakuipandisha sauti. "Ukimtemea kabla hajabeba dada yako, Majanji usirudi. Nitasema nilizaa mabinti wawili na wote wamelala Mukuju."

Wote wakanitazama. Daktari na sindano yake, Obore, Omaido magotini, mama na kiganja chenye udongo. Mzee Ikwap akavuta pumzi ndefu, na mkono wake ule mwingine ukainuka kutoka blanketini, vidole vimeachana. Sikuweza kujua kama unaufuata udongo au unaniita mimi.

Mapigo yakapotea, kama kawaida. Nikangoja atoe pumzi yarudi.

Akatoa pumzi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maji, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mapigo hayakurudi.